Kabla Mwamba wa Dzitsoni Haujawa Simiti: Barua ya Wazi kwa Wanaotoa Vibali

Kwa Waziri anayesimamia Madini, Waziri anayesimamia Utamaduni na Turathi, Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, wakuu wa NEMA, mamlaka ya mazingira, na Gavana wa Kaunti ya Kilifi. Na kupitia kwenu, kwa kila afisa ambaye sahihi yake inaweza kumruhusu mtu kulipua kilima.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Kayole. Mimi ni fundi wa mawe. Nimejenga katika jiji hili la Nairobi kwa miaka 26: ploti za kukodisha, kuta za shule, maduka, makanisa mawili na msikiti mmoja. Kwetu ni Jibana, Kilifi, kwenye ile miinuko ya mawe ya chokaa inayotoka upande wa Rabai na Ribe, ikapita Kambe, Jibana na Chonyi, hadi Dzitsoni na Kauma. Kazi yangu nimeitaja mapema ili mjue kwamba anayewaandikia si adui wa simiti. Watoto wangu watatu wamesomeshwa na simiti.

Wiki jana tulikuwa tunashusha mifuko kutoka kwa lori, na mmoja ukampasukia begani kijana aliyeanza kazi juzi. Alikuwa ametota jasho. Nilimvuta hadi kwenye pipa nikammwagia maji mengi kabla haijaanza kumla, maana chokaa iliyo ndani ya simiti ikikutana na jasho huchoma ngozi kama magadi. Nilipomaliza, tope la kijivu lilikuwa limebaki kiganjani mwangu. Nikalisugua kwa kidole gumba, laini kuliko unga wa ngano. Na kama ninavyofanya kila mara tangu mwaka wa 2021, nikajiuliza: huu ulikuwa mlima upi?

Nairobi imekaa juu ya mawe ya volkano. Yale mawe ya Ndarugo tunayojengea, ya kijivu na ya manjano, ni majivu ya volkano yaliyoshikana. Mwamba wa kwetu asili yake ni bahari. Uliumbika kwa matumbawe, makombe na vijidudu vya baharini vilivyokufa vikatulia kwenye maji ya kina kifupi zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, zama ambazo Madagaska ilikuwa ikijitenga na bara la Afrika. Wanajiolojia wanauita kwa jina la majirani zetu, mwamba wa chokaa wa Kambe. Wakambe ni watu wachache hata ndani ya Mijikenda wenyewe, yale makabila tisa ya Pwani, lakini jina lao limo katika ramani za wanajiolojia wa dunia. Nilipolijua hilo nilimpigia simu shemeji yangu Mkambe, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Na sisi mbona hatukuambiwa?”

Ukitoka Mavueni kuelekea Kaloleni, barabara inapanda polepole. Unapita minazi, miembe, mikorosho na mashamba ya mahindi, halafu ghafla mwamba unachomoza ardhini, wa kijivu, uliochongoka kama meno ya chini ya mbwa. Mizizi ya miti huteremka juu yake ikitafuta ufa wa kuingilia. Mvua ikinyesha, hata iwe ya masika, hukuti dimbwi. Maji yanazama. Bibi yangu, hawe kama tunavyosema kwetu, alikuwa akituambia tusiyatupie mawe yale mashimo kwa sababu mwamba una koo na unameza.

Miaka mingi baadaye nilielewa kwamba alikuwa anaeleza jambo la kweli. Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo hubeba gesi ya kaboni, yakawa na uchachu kidogo. Uchachu huo ndio unaokula chokaa, tone kwa tone, ufa ukawa mfereji, mfereji ukawa chumba. Ndivyo mapango yetu yalivyochimbika. Maji yaliyomezwa juu hutembea gizani na kutokea chini kama chemchemi. Kwa hiyo anayelipua mwamba pale juu anaweza kuwa anakata njia ya maji ya mtu aliye bondeni, mtu ambaye hakuwepo hata kwenye mkutano wa kuombwa ridhaa. Jambo hili liko wazi kwa kila mama anayeteka maji kule kwetu. Naomba liwe wazi pia kwa anayesoma ombi la kuchimba.

Sasa niwapeleke kwenye pango lenyewe.

Linaitwa Panga ya Saidi. Panga kwa Kimijikenda ni pango, si ile ya kukatia. Liko Dzitsoni, kama kilomita 15 kutoka baharini. Unateremka kati ya mawe, unafika penye kivuli, na joto la Kilifi linabaki nyuma yako kama mtu aliyekataa kuingia. Paa la chumba kikubwa limebomoka sehemu moja, na mwanga unaingia kwa hapo. Watu wa pale hawajaacha kuliendea kwa ibada na kwa tiba. Ukifika utakuta dalili zao, majivu, kitambaa, ganda la nazi. Jina hilo la Dzitsoni hunifikirisha pia, kwa kuwa dzitso kwetu ni jicho.

Mwaka wa 2010 watafiti wa Makavazi ya Kitaifa pamoja na wenzao wa nchi nyingine walianza kuchimba sakafu ya pango hilo. Sifa ya kwanza waliyoitangaza, mwaka wa 2018, ni kwamba binadamu wameishi humo kwa kupokezana tangu miaka 78,000 iliyopita. Walikuta shanga. Walikuta mawe ya kukatia yanayozidi kuwa madogo na stadi kadiri zama zinavyosonga. Walikuta vipande vya ngeu, ule udongo mwekundu wa kupaka rangi. Si watu waliopita njia. Ni watu waliokaa, mahali ambapo msitu na nyika vinakutana, wakaona hapa pana maji, pana paa, pana mawindo, tutafute nini tena?

Lakini waheshimiwa, kilichonifanya nishike kalamu ni yule waliyemwita Mtoto.

Mwaka wa 2013 walianza kuona alama za shimo dogo. Hadi 2017 walikuwa wamelifikia lote, kama mita 3 chini ya sakafu ya sasa. Ndani yake mlikuwa na mifupa iliyooza kiasi kwamba ikiguswa inageuka vumbi. Hawakuthubutu kuigusa. Walilifunga donge zima la udongo kwa plasta, wakalileta hapa Nairobi, na baadaye likasafirishwa hadi Ulaya, likaishia katika maabara ya mji wa Burgos, Uhispania. Mimi mtu wa plasta naelewa mikono ya aina gani ilihitajika. Walichimbua ndani ya donge lile kwa miezi mingi, wakakuta meno, uti wa mgongo na mbavu zikiwa bado zimejipanga. Mei 2021 wakatangaza, mmoja wa viongozi wao akiwa Mkenya mwenzetu, Daktari Emmanuel Ndiema: mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la zamani zaidi la binadamu wa aina yetu lililothibitishwa katika Afrika.

Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mwili ulikuwa umefungwa kwa kitu, ngozi au majani, kilichoubana upande wa juu. Na kichwa kiliegemezwa juu ya kitu laini, kitu kama mto, kilichooza kikaacha nafasi, na kichwa kikainama kuijaza nafasi ile. Ndivyo walivyojua. Nafasi tupu chini ya shingo ya mtoto iliwaambia kwamba kuna mtu alimwekea mto.

Habari hii niliisoma kwenye simu wakati wa chakula cha mchana, nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, mjengo wa Embakasi. Sikumaliza chakula. Nilipokuwa na miaka 9 tulimzika dada yangu mdogo, alikuwa hajatimiza miaka 3. Nilitumwa kwa jirani kuazima jembe, na niliporudi nilimkuta hawe ameketi mkekani, anapasua leso yake moja katikati. Nusu moja alimfungia. Ile nusu nyingine aliikunja mara nne, akaibana kwa viganja ikawa bapa, akamwekea chini ya kichwa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alilazwa kwa ubavu. Mimi nilishika taa.

Kutoka pale tulipomzika hadi Panga ya Saidi si mbali, ni safari ya asubuhi moja kwa miguu. Miaka 78,000 imepita katikati, na mikono inafanya kazi ileile.

Kisha nikajiuliza swali la fundi: kwa nini huyu mtoto alibaki? Barani kwetu, sehemu nyingi zenye mvua na joto udongo wake una uchachu, na mfupa ukizikwa humo huliwa ukaisha. Jibu ni mwamba wenyewe. Chokaa hupunguza ukali wa uchachu. Hushika, hugandisha, hutunza. Jiwe lililomtunza Mtoto kwa miaka yote hiyo ni jiwe lilelile linalotafutwa na tanuri. Tani moja ya klinka, yale mabonge yanayosagwa kuwa simiti, hula takriban tani moja na nusu ya mawe ya chokaa. Ndiyo maana nasema, waheshimiwa, kwamba mwamba huu usipimwe kwa tani kabla haujasomwa. Hilo ndilo ombi langu, na yote yatakayofuata ni kulifafanua tu.

Mnaweza kuniambia kwamba mengi yameshalindwa. Ni kweli, na nawashukuru waliotangulia. Tangu mwaka wa 1992 Makavazi yana kitengo cha kutunza misitu ya Pwani, na kaya nyingi, misitu yetu mitakatifu, zimechapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwaka wa 2008 UNESCO iliziweka Kaya za Mijikenda katika Urithi wa Dunia, zikiwemo Kaya Kambe, Kaya Jibana, Kaya Ribe na Kaya Kauma zilizo katika miinuko hii hii. Mwaka uliofuata mila zake zikaingizwa katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka. Lakini Panga ya Saidi haimo katika misitu ile. Wala hayamo mapango mengine madogo na majabali ambayo kila ukoo wa kwetu unayajua kwa majina na hakuna ramani ya serikali inayoyajua. Kaya ina mpaka. Mwamba umepita chini ya mpaka ukaendelea.

Nieleze kidogo kaya ni nini kwa msiowahi kuingia, maana hapa jijini huwa nasikia watu wakiiita “msitu wa mapepo” na huniuma. Kaya ilikuwa mji. Mababu zetu waliishi ndani ya boma lililozungukwa na msitu, kuanzia karne ya 16 hivi, na fingo, ile dawa ya kulinda mji, ikazikwa ndani. Katikati palikuwa na moro, baraza la wazee. Watu walipohama, hadi kufikia miaka ya 1940, msitu ulibaki chini ya wazee, na sheria zake zilibaki: usikate, usiokote hata kuni iliyoanguka, vua viatu, usipige kelele. Hakukuwa na askari wa msitu. Palikuwa na heshima, na faini ya mbuzi au kuku kwa aliyevunja. Kwa sheria hizo misitu hii imefika hadi leo, wakati misitu mingine yenye ua na bunduki imekwisha. Mbona basi afisa anapokuja kwetu na ramani ya madini, wazee wanawekwa viti vya nyuma?

Nimeliona hili kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa nyumbani kwa matanga, tukaitwa kwenye mkutano wa kampuni moja iliyotaka kuchimba. Simtaji mtu wala kampuni. Ripoti ya athari za mazingira ilikuwa mezani, ya Kiingereza, nene kama jiwe la inchi tisa. Aliyesimama alisoma kurasa mbili. Wazee walipewa soda na mkate, kisha karatasi ya mahudhurio ikazungushwa na kila mmoja akatia dole gumba. Mzee mmoja aliinuka akauliza: “Kule kwenye mapango mtafika?” Akajibiwa kwamba mambo ya mapango si ya siku hiyo. Nilipofuatilia ile ripoti baadaye, ofisi moja ya hapa mjini ilinituma Kilifi, na Kilifi nikaambiwa iko Nairobi. Nilipoteza siku nne za kazi. Karatasi ya mahudhurio, nilikuja kuambiwa, ndiyo ilihesabiwa kuwa ridhaa.

Sheria tunazo. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo ya anayechimba: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 1999 inataka tathmini kabla ya kazi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inampa Waziri uwezo wa kutangaza mahali penye turathi, pamoja na ardhi inayopazunguka, kuwa chini ya ulinzi. Na katika Katiba yetu ya 2010 kuna jambo ambalo nimelirudia mara nyingi usiku. Kifungu cha 62 kinasema madini ni mali ya umma. Kifungu cha 63 kinasema mahali pa ibada pa jamii ni ardhi ya jamii. Kwa Panga ya Saidi na ndugu zake, madini na mahali pa ibada ni jiwe moja. Huwezi kuuchukua mlima ukatuachia ibada yake. Hapo ndipo sheria inahitaji hekima ya mtu, na mtu huyo ni ninyi.

Naomba basi, kabla ya kibali kingine chochote cha chokaa katika ukanda huu, mapango na majabali yote yahesabiwe na kuandikwa, kutoka Rabai hadi Kauma. Kazi hiyo ifanywe na wanaakiolojia wa Makavazi wakitembea na wazee wa kila eneo, si kwa kuangalia picha za setilaiti. Wazee ndio wanaojua shimo lipi lina chumba na lipi ni la nyani. Na hilo lina haraka kuliko mnavyodhani: Kilifi wazee wanauawa kwa sababu ya mvi zao, wakisingiziwa uchawi, na kila mmoja anayekatwa panga anakwenda na majina ya mawe ambayo hayajaandikwa popote. Mwanaakiolojia naye atie sahihi yake kwenye kibali, kama mhandisi anavyotia yake kwenye ramani ya ghorofa. Mimi siruhusiwi kumwaga zege la slabu bila mhandisi kuangalia vyuma. Kwa nini mlima ulipuliwe bila mtu kuangalia ndani yake?

Naomba pia Panga ya Saidi itangazwe rasmi na mpaka wake upimwe kwa ukarimu. Pango haliishi kwenye mlango wake. Lina paa, na juu ya paa kuna udongo na miti inayolipa unyevu, na pembeni kuna nyufa zinazobeba mtikisiko. Baruti ikilia mbali kidogo, mtu wa kwenye ofisi ataona kwamba pango halikuguswa, lakini fundi yeyote atakwambia ufa huanzia ndani. Wapeni wataalamu wa miamba kazi ya kusema umbali gani ni salama, kisha muongeze.

Nimesikia jibu la kawaida: tutachimba, halafu tutarudisha mazingira. Nalijibu kwa heshima kwa sababu kule Bamburi, Mombasa, penye kiwanda cha simiti, niliona kwa macho yangu kwamba inawezekana. Timbo, yaani machimbo ya mawe, lililobaki jeupe, lisilo na hata nyasi, lilianza kupandwa mivinje na René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, mwaka wa 1971. Majani ya mvinje hayakuoza haraka, akaleta jongoo, jongoo wakala majani, mavi yao yakawa udongo, na leo ni msitu wenye wanyama. Ni kazi ninayoivulia kofia. Lakini kilichorudi pale ni miti. Kaburi la miaka 78,000 hata ukileta jongoo wa dunia nzima halirudi.

Kuna mengine yanayoishi juu ya mwamba huu na si mahali pengine. Pale vitaluni, kando ya barabara, mnaona yale maua madogo ya zambarau yenye majani yenye manyoya, African violet kwa Kiingereza, yanayouzwa kwenye vijungu vya plastiki kwa watu wa fleti. Asili ya maua hayo ni milima na miamba yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao, na kutoka hapo yakaenea kwenye madirisha ya ulimwengu. Ndugu yao mmoja wa porini anaishi Kilifi tu, amejishikiza kwenye kivuli cha majabali ya chokaa ya Jibana, Chasimba na Mwarakaya. Haoti kwenye udongo wa kawaida. Wataalamu wamemweka miongoni mwa mimea iliyo karibu kabisa kutoweka. Mke wangu ana kile cha dukani kwenye dirisha la jikoni, na kila anapokinyunyizia maji mimi huona lile jabali la nyuma ya shule yetu ya msingi.

Wenzetu wa Tanga wana mapango ya Amboni, mwamba wa chokaa wa zama zilezile. Wameyawekea njia, waelekezi na tiketi, na watoto wa shule huenda kwa mabasi. Haikuwagharimu utajiri wa Sulemani. Kilifi kijana akimaliza shule anangoja lori la timbo au pikipiki ya bodaboda. Mfundisheni awe mwelekezi wa pango lake, mlipeni, na mtapata mlinzi ambaye hamtahitaji kumpa bunduki.

Na mwisho naomba jambo ambalo halihitaji bajeti kubwa. Simulizi ya Mtoto imeandikwa kwa Kiingereza na imetafsiriwa kwa Kihispania na Kijerumani. Jina lake ni la Kiswahili. Iandikeni kwa Kiswahili, na kwa Kijibana, Kichonyi, Kikambe na Kigiriama, ipelekwe katika shule za msingi za Dzitsoni na za hapa Nairobi pia. Mjenge chumba kidogo pale Dzitsoni, mfano wa donge lile uwekwe ndani, na mto wake. Binti yangu mdogo, aliyezaliwa Kayole na anayekwenda Jibana mara moja kwa mwaka, aliniuliza nilipomsimulia: “Baba, mamake alikuwa anaitwa nani?” Sikuwa na jibu. Lakini nilifurahi kwamba aliuliza kama anayeuliza habari za jirani.

Mkiamua kwenda kuona kabla hamjatia sahihi yoyote, na nawasihi mwende, nitawapeleka mwenyewe na nauli yangu nitajilipia. Treni ya asubuhi kutoka Syokimau inatufikisha Miritini mchana, na tutalala kwetu, nafasi ipo. Kwetu wiki ina siku nne. Twendeni siku ya Jumwa, siku ambayo jembe halishikwi, tutawakuta wazee nyumbani. Mkifika mlangoni mtavua viatu. Ndani kuna giza ukivuka pale paa lilipobomoka. Tochi nitabeba mimi.

Wenu mtiifu,
Fundi wa mawe, Kayole, Nairobi